Santuri Isiyoruka

Jumapili, 1 Julai 1979
Barua ya Pancras imefika! Nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno, tangu kutoka misa mpaka ndizi zikaungua. Sikwenda shule, lakini kisomo cha watu wazima si bure. Vita imekwisha, mwanangu mzima, Jumamosi anashuka kwenye lori la kutoka Biharamulo. Nimelia. Halafu nikaacha. Ataijuaje nyumba? Alipoingia jeshini tulikaa kule mlimani. Sasa kijiji cha ujamaa, nyumba arobaini mstari mmoja, zote sura moja! Bonifasia, jirani yangu, kasema kijana ana mdomo, atauliza. Hana akili. Mwanangu aulizie kwa mama yake kama mpita njia? Gramafoni ya marehemu mume wangu Ildefonce itamwita. Santuri ni moja tu, "Nafika, mama, nafika". Pancras kalelewa nayo. Ina kovu: ikifika "nafika" inakwama, inarudia nafika nafika nafika mpaka uipige meza kofi. Aibu hiyo naimaliza kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 3 Julai
Sindano imeliwa na kutu. Duka la kijiji halina sindano, halina chumvi, halina sabuni. Lina muuzaji. Nimekata mwiba wa mlimau, nimeunoa kwenye jiwe. Unaimba! Sauti laini, kama mtu anayeimba ndani ya usingizi wake. Nilikaa tu. Nikamwona Ildefonce mlangoni, jembe begani. Nikamwambia afute miguu. Kisha ufunguo ukaisha kuzunguka, santuri ikazembea, sauti ya mwimbaji ikawa ya fahali, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Alhamisi, 5 Julai
Meza imeinama, ndiyo maana santuri inakwama. Sakafu hii ilishindiliwa haraka haraka siku ya kuhamishwa. Napima kwa bakuli lililojaa: likimwagika upande mmoja, upande ule uko chini. Maji ni mbali, bondeni. Pombe ya ndizi iko pale. Nikapima, nikanywa kilichobaki, nikasogeza. Nikapima tena. Mchana meza ilikuwa sawa kabisa, kijiji ndicho kilichoinama. Bonifasia kapita kasema nimelewa. Nimemjibu kwamba napima. Kauliza napima nini, tumbo? Nikashika ukuta. Chini ya mguu mfupi wa meza nimeweka kitabu changu cha kisomo. Unene wake ndio hasa unaotakiwa.

Ijumaa, 6 Julai
Bado inakwama! Mkono wa sindano ni mwepesi mno. Nimeubebesha harage. Jeupe: inakwama. Jekundu: inakwama na kukoroma. Lile kubwa la madoa, nililoletewa kutoka kijiji cha Kirushya, nimelibandika kwa nta ya nyuki. Imepita! Sikuwa nimewahi kusikia ubeti wa pili maishani mwangu. Unahusu ng'ombe. Sikutegemea. Nimeusikiliza mara sita, macho nimefumba, na mlima wetu wa zamani ukaja mpaka uani, na migomba yake yote.

Jumamosi, 7 Julai
Lori saa nane. Mlango wazi, santuri inakwenda kama maziwa. Vumbi likatulia, nikamwona. Kakonda! Mfuko begani, macho mbele. Na kapita! Kaupita mlango wangu, wimbo wangu, kaingia kwa Bonifasia! Nikaruka kumfuata, nyonga ikagonga meza, harage likaruka. "Nafika nafika nafika nafika." Nikainua mkono nipige kofi. Nikaushusha. Nikasimama mlangoni.

Katoka. Mkononi kipande cha ndizi cha Bonifasia, machozi mpaka kidevuni. Kasema alidhani ni gramafoni ya watu wengine, maana yetu haijui habari za ng'ombe. Kisha kasema shikamoo mama. Nimesema marahaba, tema hiyo ndizi, haina chumvi, pita ndani. Nilimshika masikio yote mawili, kama alipokuwa mtoto. Yapo yote.

Jumapili, 8 Julai
Pancras bado kalala, miguu inatoka nje ya kitanda. Jana aliniapisha mbele ya picha ya Bikira Maria: santuri ibaki na kovu lake, gramafoni nisiiguse tena. Nimeapa. Sijaigusa.

Meza sikuapa. Nikiitazama kutoka hapa naona imelala kidogo upande wa mlango. Kidogo tu. Harage nimeliokota chini ya kitanda, zima. Bakuli nimelijaza. Napima mara moja, kabla hajaamka.