Dereva wa Kumi

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na wiki hiyo Kilomita alikuwa ameshatoa tisa. Si nyoka, ni madereva: watu wenye leseni mbichi aliowadaka nje ya ofisi ya leseni na kuwapeleka, kwa hiari yao wenyewe, kwa Tajiri wa malori mekundu. Kwa njia ya kawaida Tajiri hakupata dereva, maana malori yake yalikwenda kwa dua zaidi ya dizeli.

"Niletee kumi kabla ya Ijumaa saa sita mchana," alikuwa amemwambia, "pikipiki ile pale ni yako. Tisa na nusu, huna kitu."

Ijumaa saa nne na nusu Kilomita alikuwa kwenye benchi lake nje ya ofisi ya leseni, kofia ya dereva kichwani, anaiota pikipiki macho wazi. Mwanamke mmoja akatoka ofisini ameshika leseni kwa mikono miwili. Alikuwa mshonaji. Cherehani aliiuza alipie mafunzo ya lori, na kampuni atakayoingia ndiyo ingeamua kama alitumia akili au alishikwa na wazimu.

"Hongera, dada! Kaa hapa. Dereva mpya akikosea kampuni ya kwanza, kwisha habari yake. Mimi niko barabarani mwaka wa ishirini."

Hapa tumwombee msamaha. Barabarani alikaa miezi minane, tena utingo, na siku moja aliyopewa usukani arudishe lori nyuma alibomoa choo cha gereji. Fundi alikuwemo.

"Basi nishauri, kaka," alisema mshonaji.

"Malori mekundu. Asubuhi unafika, mchana uko safarini. Huulizwi kitu."

"Mimi nilifikiria yale ya kijani."

Kilomita alishika kichwa. Kampuni ya kijani ilikuwa imemfukuza getini mara mbili, na bado ilimuuma.

"Usithubutu! Wale wana dharau. Miezi mitatu unakaa na mzee mmoja, anakufundisha kurudi nyuma utadhani uko chekechea. Kila asubuhi wanapima breki. Ukisema hazishiki, gari linarudi gereji, safari imekufa! Na usiku wanakulazimisha ulale. Mtu mzima!"

"Kumbe! Wanalazimisha?"

"Kwa maandishi!"

"Makubwa haya. Na kwa wekundu, breki je?"

"Tajiri ana msemo wake: breki ni imani ya dereva."

Mshonaji alitikisa kichwa taratibu. "Hebu nionyeshe geti la hao wa kijani, nisije nikaingia kwa bahati mbaya."

Kilomita akamsindikiza hadi kituo cha mafuta, akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Kabla hajakishusha, mwanamke alikuwa ameshavuka.

"Mungu akuzidishie, kaka!" alipaza sauti. "Hakuna aliyenieleza vizuri kama wewe!"

Geti la kijani likafunguka, likamfungia ndani.

Saa sita kasoro dakika tano Kilomita aliingia kwa Tajiri mikono mitupu.

"Wa kumi yuko njiani, Tajiri."

"Wa kumi ninaye," Tajiri alisema, akipigapiga bodi ya lori lililojaa saruji. "Si hata mimi uliniapia una miaka ishirini barabarani? Panda. Ukirudi, chukua pikipiki yako. Ngoja nijisaidie mara moja, nikitoka nikute umeshaondoka."

Ilimbidi Kilomita achague: akiri kwamba ni mwongo, au apande. Akapanda.

Kutoka pale ilibidi lori lirudi nyuma hadi getini. Lilikuwa limeshasogea, limekaa upande, likiyumba, wakati lori la kijani liliposimama barabarani. Ndani, mshonaji alikuwa ameshika usukani kwa somo lake la kwanza, na kando yake mzee alikuwa ametulia, mkono wake ukiwa karibu na breki ya mkono. Mshonaji akachungulia dirishani, na huruma ikamshika kweli.

"Kaka, shuka! Sema tu hujui!"

Maisha yake yote Kilomita hakuwahi kutamka neno "sijui", na moyoni aliogopa kufa kuliko kulitamka. "Miaka ishirini, dada!" alijibu, akakanyaga breki.

Imani yake ilikuwa ndogo. Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa mita sita, na iliishia kwenye choo cha kando ya geti.

Tajiri alikuwemo.