Saa ya Bujiku

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Nimepata njia ya kumng'oa Rushabh. Ndiye fundi mkuu wa kompyuta hapa mgodini, mtoto wa wenye duka la vitambaa Shinyanga mjini. Hufika saa moja kamili, hajawahi kuchelewa. Mimi Donatus ni msaidizi wake, mwaka wa tatu sasa.

Bi Apolonia, meneja wetu, ameagiza kompyuta zote zifuate saa ya ruta, kile kisanduku kinachoziunganisha. Kadi za getini, king'ora cha baruti, vyote. Rushabh yuko Mwanza. Kazi nimepewa mimi.

Ruta ikiwa mbele kidogo, kadi ya getini itamwandika Rushabh mchelewaji kila siku; sisi wengine hufika mapema. Nikiibadili kwa mkono, wataona. Afadhali ifuate saa ya mashine nyingine. Nimetafuta kwenye mtandao wa ndani wa mgodi. Imejitokeza moja, jina BUJIKU, iko mbele dakika kumi na moja. Ruta imeikubali papo hapo, kama iliyokuwa ikiisubiri.

Jumatano, 8 Septemba

Rushabh kaandikwa mchelewaji. Raha tupu. Akauliza saa inatoka wapi, nikamwonyesha. Akasema kompyuta ile ilikuwa stoo ya baruti. Ilifukiwa na maporomoko mwaka jana pamoja na marehemu Bujiku, mlipuaji wetu wa miamba. Waya wake aliukata Rushabh mwenyewe.

Nikamwambia ana wivu.

Lakini nimechungulia. Kila sekunde sitini na nne ruta inauliza saa. Kila mara inajibiwa.

Alhamisi, 9 Septemba

King'ora cha kuwatoa watu shimoni kabla ya baruti kililia mapema, dakika kumi na moja kabla ya saa nane. Wachimbaji arobaini wakapanda wakinung'unika. Wa mwisho alikuwa Mzee Mageni. Hajamaliza kujipangusa vumbi, ukuta wa shimo ukaporomoka, baruti haijawashwa. Hakubaki mtu chini.

Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Alinishika mkono, wake wa baridi.

"Mwanangu, saa hiyo umepewa na nani?" akauliza. "Bujiku ndiye aliyekuwa akiweka saa yake mbele, ili tuwahi kutoka."

Nikamjibu kwamba ni utaalamu wangu.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimepandishwa cheo kwa ajili ya wale arobaini waliookoka, nimepewa nafasi ya Rushabh. Bi Apolonia kanisifu mbele ya wote. Rushabh akanisihi niitoe saa ile. Akaniletea kipande cha waya alichokata mwaka jana, nikione. Nikakataa. Mkubwa sasa ni mimi.

Mchana nimefungua orodha ya saa. Chini ya BUJIKU imeongezeka mashine nyingine. Jina DONATUS. Sikuiweka mimi. Iko mbele saa mbili nzima. Rushabh alipoiona akasema, "Bujiku ametangulia, usimfuate," akatoka chumbani bila kuaga.

Wivu tu. Hata mitambo imejua nani bosi. Nimeichagua hiyo.

Wenzangu wanasema ni saa tisa. Ruta inasema saa kumi na moja, muda wa kazi umekwisha. Nafunga ofisi. Leo nitatangulia kuliko wote.