Namna Nilivyotunza Vidole Vyangu

Jumatatu, 5 Februari 2024

Barua imefika! Mimi na mke wangu Clothilde tumeitwa na ofisi ya uhamiaji, Jumanne ijayo, tukapigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Jina langu, Mugisho, limeandikwa bila kosa hata moja. Nimepiga magoti palepale sebuleni. Tumekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi tukisubiri kuitwa, na hapa Fort Worth, Marekani, tunaitwa kwa bahasha safi. Asante Mungu.

Vidole vikipita, grini kadi ya ukaazi inakuja, na hati ya kusafiria pamoja nayo. Naihitaji kweli. Mdogo wangu Bisimwa anaoa Kampala mwezi wa kumi na mbili. Baba yetu hayupo tena. Nani atasimama mahali pake? Mimi! Bila hati nitaitazama harusi kwenye simu, huku ikikwamakwama.

Jioni kaja Parfait wa kwaya. Yeye kadi anayo tangu mwaka jana. Kaining'iniza shingoni kama kitambulisho cha kazini, hata kanisani. Kasoma barua yangu, kashika mkono wangu, kautazama, katikisa kichwa. Kasema maboksi ninayobeba ghalani yanakula alama za vidole. Anamjua mtu wa Houston ambaye mashine ilimkataa kabisa. Kasema ananionea huruma.

Nimevitazama vidole kwa tochi ya simu. Laini. Laini mno!

Jumanne, 6 Februari

Sijalala, lakini nina mpango. Vidole vipumzike wiki nzima, alama zirudi zenyewe. Mafuta ya mgando asubuhi na jioni. Juu yake glavu, usiku na mchana. Vyombo sioshi. Wembe sishiki, nikijikata je? Vifungo vya shati atanifunga Clothilde.

Clothilde kauliza vidole vyake yeye vitatunzwa na nani. Swali gumu. Yeye anafua mashuka ya hospitali, maji na sabuni kutwa nzima, halafu anarudi nyumbani kwenye masufuria. Maskini. Vyake nadhani vimeshakwisha. Nimemfariji kwamba nikifika Kampala nitampigia simu kila siku. Kanifunga vifungo kwa nguvu sana, mpaka cha shingoni.

Jumatano, 7 Februari

Ghalani nimemwendea msimamizi wetu, Joyceline, Mkenya mwenye moyo mzuri. Nimemwomba nisiguse maboksi kwa siku chache kwa sababu ya jambo la kifamilia. Kauliza jambo gani la kifamilia linavaa glavu za jikoni za njano. Nimemweleza. Kacheka mpaka kashika ukuta. Hata hivyo kaniweka getini nipokee malori. Mungu ambariki na watoto wake.

Tatizo moja. Kila dereva akifika, natakiwa kuweka sahihi kwenye kioo cha tableti kwa kidole. Kioo hakitambui glavu. Nimetia sahihi kwa pua. Madereva wamekuwa wavumilivu sana. Mmoja kapiga picha.

Ijumaa, 8 Februari

Hapana, leo ni tarehe tisa. Kuandika na glavu kunanichanganya.

Ndevu zimeanza kuota. Shavu la kulia zimejaa, la kushoto vichaka viwili tu. Binti yetu Orpa kanitazama, kasema kwa Kiingereza, maana huyu Kiswahili anakisikia tu, kwamba ninafanana na zulia lililoliwa na panya. Nimemsamehe. Kesho safari ya Missouri City, karibu na Houston, kujitambulisha kwa baba wa mchumba. Mchumba mwenyewe, Rosette, yuko Kampala na Bisimwa, lakini babake ameletwa huku kama sisi. Anayetakiwa kwenda kwa niaba ya ukoo wetu ni mimi. Parfait atatuendesha, gari lake halizimi njiani. Nimemshukuru.

Jumamosi, 10 Februari

Balaa!

Tumefika salama, barabara nzuri, jua zuri. Nilivaa suti ya bluu na glavu nyeupe za kwaya, ili nionekane mtu wa heshima. Baba Rosette kasimama mlangoni, kanyoosha mkono. Nikampa kiwiko. Kakitazama kiwiko muda mrefu.

Tukakaa. Chakula kikaja: sombe ya majani ya muhogo, samaki, na bugali linatoa moshi kama limetoka jikoni sasa hivi. Moshi! Nikafikiri haraka. Kuvua glavu na kukanda bugali la moto, siku tatu kabla ya mashine? Mtu anaweza kuunguza alama zote kwa tonge moja. Nikaomba uma.

Hata watoto waliacha kutafuna. Mama Rosette kaenda kuutafuta uma jikoni, tukasikia droo zikifunguliwa moja baada ya nyingine. Kaleta wa plastiki.

Baba Rosette akasema polepole, "Huku kwetu bugali banakulaka na mukono." Nikajibu kwamba najua, mzee wangu, ni kwa wiki hii tu. Sikutaka kueleza. Mtu haendi kuposa huku akikiri kwamba vidole vyake vimekwisha.

Na Parfait je? Parfait alikula kwa vidole vyote vitano, akavilamba kimoja kimoja, akamsifu Mama Rosette, akasimulia habari za ukoo wangu kuliko ninavyozijua mimi. Mwishowe Baba Rosette kasema ukoo wa Bisimwa anaupenda, ila siku ya harusi angependa mahali pa baba pasimame mtu anayeheshimu chakula cha watu. Kwa mfano, huyu Bwana Parfait. Yeye tayari ana kadi, anaweza kusafiri hata kesho.

Parfait kasema hakutegemea heshima kubwa hivyo. Kasema hivyo mara nne kabla hatujafika Fort Worth.

Jumapili, 11 Februari

Kanisani sikupiga makofi. Watu wamedhani nimekosana na mchungaji.

Bisimwa kapiga simu kutoka Kampala. Hakugomba, na hilo ndilo limeniuma. Kasema tu kwamba tangu utoto alijua siku hiyo atageuka nyuma anione mimi. Nimelia, na machozi nimeyafuta kwa glavu zenye mafuta, macho yamewasha mpaka jioni.

Clothilde kasema nivue mifuko hiyo, nimpigie Baba Rosette, nimwambie ukweli. Nimemwambia nitafanya hivyo baada ya Jumanne. Zimebaki siku mbili! Hivi sasa alama lazima zimeanza kurudi, nazisikia zikiwasha. Clothilde kaenda kuosha vyombo peke yake. Sijui kwa nini sufuria zinapiga kelele hivyo siku hizi.

Jumanne, 13 Februari

Clothilde kaitwa kwanza. Kaweka mkono. Mashine ikalia mara moja, basi, vidole vyote safi, mwanamke wa ofisini kamshukuru. Kafua mashuka hata jana!

Zamu yangu. Nikavua glavu mbele ya watu. Ee Mungu. Vidole vyeupe, vimekunjamana, vinateleza kama samaki. Mashine ikakataa. Wakafuta kioo. Ikakataa. Wakanifuta mimi. Ikakataa. Yule mwanamke kauliza kwa upole kama natoka kuogelea. Niliiona Kampala ikienda zake, na Parfait amevaa suti yangu.

Lakini kuna watu wema duniani. Hakunifukuza. Kasema nikakae nje, mikono wazi, ipate hewa, nirudi baadaye. Nikakaa kwenye ukuta nimeinua mikono juu, upepo wa Februari unapiga. Mtu mmoja alipita, akaniona, naye akainua ya kwake. Clothilde akaja akakaa karibu. Hakusema "nilikuambia". Alichukua vidole vyangu kimoja kimoja, akavifuta mafuta kwa pindo la kitenge chake. Nilimwomba msamaha kwa masufuria yote, huku nalia. Akasema, "Nyamaza, utavilowesha tena."

Tukarudi ndani. Mashine ikalia. Kumi vyote! Nilimwinamia yule mwanamke, nikaiinamia na mashine. Nilifurahi mpaka sikukumbuka kwamba bado kuna picha. Wamenipiga hivyohivyo, na zulia langu usoni.

Jumamosi, 17 Februari

Missouri City tena. Safari hii bila Parfait. Gari letu limezima mara mbili tu.

Nimemweleza Baba Rosette kila kitu, mikono wazi mezani. Kasikiliza bila kucheka. Halafu kamtazama mkewe. Mkewe ndiye kaanza, kacheka mpaka kitambaa kimedondoka. Kumbe mzee naye, kabla ya siku yake ya vidole, alisikia kanisani kwao habari ya mtu wa Fort Worth ambaye mashine ilimkataa. Alilala wiki nzima amechovya vidole kwenye maziwa ya mgando. Paka wa jirani hakumpa amani.

Kanipa mkono. Nami nikautoa wangu, mtupu. Kasema mahali pa baba ni pangu, na Parfait aimbe kwaya. Bugali likaja linafuka. Nimeunguza vidole vitatu. Sijawahi kula chakula kitamu hivyo.

Ijumaa, 16 Agosti

Zimefika! Kadi mbili na hati mbili za kusafiria, kwenye sanduku letu la barua, kati ya matangazo ya piza. Clothilde kapiga vigelegele mpaka majirani wametoka. Bisimwa kalia kwenye simu, mimi nimelia, Baba Rosette kalia kwenye simu nyingine. Nchi hii imetupokea, imetupa kazi, sasa imetupa na plastiki yenye nyuso zetu. Nitaishukuru mpaka kufa. Vyombo naosha mimi kila siku.

Jioni kaja Parfait kutupongeza. Roho safi, nimemsamehe. Kashika kadi yangu, katazama picha, kanitazama mimi, katikisa kichwa. Kasema uwanja wa ndege kuna mashine ya uso. Anamjua mtu wa Houston aliyenyoa.

Sijalala, lakini nina mpango. Shavu la kulia lijae, la kushoto vichaka viwili. Orpa atanipima kwa rula kila Jumapili. Kadi inakwisha mwaka 2034. Nitavumilia.

Ila nimeitazama pia picha ya Clothilde. Mwezi wa pili alikuwa mwembamba kidogo. Kwa usalama wake mwenyewe, nimeondoa chapati mezani na nimemweleza sababu.

Naandika haya kwenye kochi. Mlango wa chumbani umefungwa kwa ndani.