Gitaa la Mapajani na Kanzu ya Baba Mkwe

Jamani, leo nimevuliwa nguo na cherehani changu mwenyewe. Tena mbele ya mkwe! Nimewahi kuja kuwasimulia kabla hamjasikia kwa jirani yangu Shomari, maana Shomari akishatia chumvi yake, mimi Kisarawe hii nitahama.

Chanzo ni gitaa. Mnamjua binamu yangu Idi, yule baharia. Safari hii kaja na habari iliyoninyima usingizi. Anasema huko ng'ambo kamwona Mzungu anapiga gitaa lililosimama kwa miguu yake lenyewe, kama meza. Mpigaji anakaa kitini. Mkono mmoja unadonoa nyuzi, mwingine unateleza juu yake na kipande cha chuma, na chini kuna vikanyagio. Ukikanyaga, sauti inapinda. Inalia kama mtu!

"Nalitaka hilo," nikamwambia.

"Huliwezi. Anza na la mapajani. Mkono ukishauzoea ule utelezi wa chuma, ndipo uje kwenye habari za miguu."

Habari za miguu? Mimi? Fundi cherehani tangu sijaota ndevu, leo nifundishwe kukanyaga?

Basi nikalilaza gitaa langu la kawaida mapajani. Nikachomeka kijiti chini ya nyuzi kule shingoni, zikanyanyuka. Nikazikaza upya mpaka zikawa zinakubaliana zote hata bila kidole. Chuma nikapata bolti ya lori, nikaisugua kwa msasa siku nzima. Na vikanyagio je? Si kile kibao cha cherehani! Navua mkanda kwenye gurudumu, mashine inatulia, halafu miguu inakanyaga huku mikono inateleza. Siku Idi atakapolipata lile lenyewe na kuniletea, atakuta nimeiva. (Mnacheka nini? Kila mtu na chuo chake.)

Tatizo ni Mzee Kondo wa kule Janga, baba yake Mwajuma wangu. Yule mzee na gitaa ni paka na panya. Siku wazee wangu walipopeleka posa alisema mbele ya watu, "Binti yangu simpi mpiga gitaa. Wahuni wale, wanalala mchana." Wazee wangu wakaapa kwamba gitaa nimeliacha, mimi ni fundi tu, tena mtulivu, sina makuu. Mzee akaguna. Akatoa kitambaa cheupe, nimshonee kanzu. Ijumaa hii ataivaa kwenye kikao cha ukoo wao, na hapo hapo jibu la posa litatoka. Kwa hiyo kanzu ile ilikuwa mtihani wangu, na kila mtu alijua.

Mama Mwajuma alikuwa aje kuichukua kesho. Kesho, jamani! Ndivyo tulivyoagana.

Leo baada ya adhuhuri niko uani kwangu peke yangu. Jua linachoma, nimejifunga msuli tu. (Ndani ya msuli msiniulize.) Kanzu iko chini ya sindano, imebaki upindo wa chini. Mara mkono ukaanza kuniwasha. Nikajiambia, Seifu, kidogo tu, mara moja, halafu unamalizia.

Nikasogeza kigoda nyuma, gitaa mapajani, bolti mkononi. Ncha ya msuli ilikuwa inaninasanasa kwenye nyuzi, nikaiinua nikaiweka juu ya meza ya cherehani, juu ya ile kanzu, ikae salama. Nikafumba macho. Nikakanyaga.

Mkanda sikuvua. Nilisahau! Huko nyuma sijawahi kusahau hata siku moja.

Cherehani kikaanza: tiki-tiki-tiki. Nami, mjinga wa Mungu, nikaona hiyo ni ngoma ya kunisindikiza! Nikakanyaga zaidi. Nikatelezesha bolti kutoka chini hadi juu, gitaa likatoa kilio kirefu, nywele zikanisimama. Nikarudia. Likalia tena. Halafu, wallahi, nikasikia sauti ya pili imeingia juu ya ile ya kwanza. Nyembamba, inatetemeka, inapanda na kushuka.

Nikasema moyoni, limeiva! Gitaa limeanza kutoa sauti mbili! Idi aje aone!

Sauti ya pili ikazidi. Ikasogea. Ikaanza kusema maneno.

"Yalaa! Yalaa mie! Nani katutoka?"

Nikafumbua macho. Mama Mwajuma huyo, kasimama penye mlango wa ua, mikono kichwani, machozi yanamtiririka. Kumbe kapata lori la mihogo kutoka Kibaha, akaona bora aje leo. Kafika njiani akasikia kilio kwangu. Na mwanamke wa kwetu hafiki msibani macho makavu, kilio anaanza nacho njiani. Tena msibani haipigwi hodi. Basi kaingia moja kwa moja.

Sasa mkwe akitokea unafanya nini? Unasimama, unajitenga kando, unainama. Heshima hiyo nimelelewa nayo. Nikasimama kwa haraka kama niliyekaa juu ya kaa la moto.

Mimi nikasimama. Msuli ukabaki.

Ulikuwa umeshonwa, jamani! Umeshonwa kwenye upindo wa kanzu ya Mzee Kondo, mshono mzuri, mnene, wa kwenda na kurudi. Mbele nikajisitiri kwa gitaa, nyuma nikajibana kwenye ukuta wa udongo. Na mdomo ukajisemea wenyewe: "Shikamoo, mama!"

"Marahaba," akaitikia kwa mazoea. Ndipo akaona. Akageuka upesi, akautazama ukuta wa jiko.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwetu mnajua, mkwe husemezani naye uso kwa uso kabla ya ndoa. Lazima apite mtu katikati. Na pale uani hapakuwa na mtu wa katikati. Mama Mwajuma akafikiri kidogo, kisha akasema bila kugeuka:

"Wewe cherehani. Hebu muulize fundi wako, nani kafa?"

"Cherehani, mwambie mama hajafa mtu. Ni gitaa."

"Cherehani, muulize fundi, hilo gitaa si aliliacha? Si wazee wake waliapa?"

Hapo nikazidi kujibana ukutani.

Mama akavua kanga yake ya juu, akairusha nyuma bila kutazama. "Cherehani, mpe mtu wako ajisitiri. Majirani hao wanakuja."

Kweli, walikuwa wanakuja! Wao walimsikia yeye analia, nao wakaanza kulia. Nimejifunga tu ile kanga, Shomari huyo kaingia na jembe begani, nyuma yake wanawake wanne wanajipiga vifua. Shomari akanitazama juu mpaka chini.

"Seifu! Nimekuja kuchimba kaburi lako, bwana. Kumbe mzima! Na hiyo kanga?"

"Nenda zako, Shomari."

"Nakwenda. Ila maua yake yamekupendeza."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikuwa nalia kweli, msione haya kusikia. Nilimwona Mwajuma anaolewa na mtu mwingine, mtu asiye na gitaa, mwenye suruali. Nikachukua mkasi, nikaanza kufumua mshono uzi kwa uzi ili kanzu isichanike. Majirani wakatawanyika. Mama Mwajuma hakuondoka. Alibaki pale pale, uso ukutani.

"Wewe cherehani," akasema baadaye, pole pole. "Kile chombo kinalia hivyo bila mtu kufa?"

"Cherehani, mwambie mama ndiyo."

"Basi kilie tena."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikakaa, kanga ya mkwe kiunoni, gitaa mapajani. Safari hii mkanda nilivua. Nikapiga ule ule mlio mrefu, pole pole, mpaka ukaisha wenyewe. Mabega yake yakawa yanatikisika.

"Mama yangu alikufa nikiwa Kwala, nikachelewa, nikakuta wameshazika," akamwambia cherehani. "Watu wakaniambia nyamaza, yamekwisha. Leo ndipo nimelia nikatosheka."

Nilimwonea huruma, nikasahau hata aibu yangu. Nikamaliza upindo, nikaikunja kanzu vizuri, nikaiweka juu ya meza na kujitenga. Akaja, akaigeuza, akaukagua mshono. Akaitia kwenye kapu lake. Mlangoni akasimama.

"Cherehani, mwambie fundi kwamba Mzee Kondo mimi namjua pa kumshikia. Ijumaa asiwe na wasiwasi. Na hilo gitaa lije harusini, lilie pale nitakapokuwa namuaga mwanangu." Akavuta hatua moja, akarudi. "Ila mwambie siku hiyo avae suruali. Na kanga yangu aifue kabla hajairudisha."

Basi ndugu zangu, hayo ndiyo yaliyonipata. Mmeyasikia, yaishie hapa. Na nyinyi mnaojiziba midomo, endeleeni tu kucheka: vitambaa vyenu vyote vya sikukuu viko kwangu, na bado sijavitia mkasi.