Malalamiko Dhidi ya Dada Yangu Adelina, Aliyejigamba Södermalm Nikamwitikia

Akalla, Stockholm
11 Machi 1987

Kwa Ndugu Wanjohi, Katibu,
Umoja wa Waafrika Mashariki wa Stockholm

Ndugu Katibu,

Salamu nyingi, na pole kwa theluji. Nimeipata barua yako uliyoiandika kwa niaba ya Mwenyekiti wetu, Mzee Mashauri. Mnanitaka mimi, kaka mkubwa na msemaji wa familia, nilete kwa maandishi malalamiko yangu dhidi ya mdogo wangu Adelina, ili Jumapili kamati iamue kama jina lake lifutwe katika daftari la Umoja. Mmeeleza kwamba amecheza ngoma isiyoeleweka mbele ya Waswidi, na kwamba katika karatasi ya onyesho ameandika kuwa yeye ni mwanachama wetu na kuwa anampenda mwanamke mwenzake, yote mawili katika sentensi moja. Tena umenisihi niandike kwa ukali.

Nitajitahidi. Najua uzito wa jambo lenyewe: aliyefutwa katika daftari lile haalikwi ubatizo, hatembelewi hospitali, na akifa ugenini hakuna wa kumsafirisha. Mimi ni fundi wa lifti, nimezoea kueleza hitilafu kwa mpangilio, basi nitaanzia ghorofa ya chini.

1. Nalalamikia mwaliko. Adelina alinipigia simu akasema tu kwamba Jumamosi anacheza, niende. Sasa mtu wa Bukoba akiambiwa ndugu yake anacheza, atakwenda mikono mitupu? Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mke wangu Winifrida akapika ndizi kwa nyama katika sufuria kubwa, ile ya ubatizo. Nikakusanya majirani tisa, wawili kati yao Waganda waliokuwa wamepita kuazima nyundo, tukapanda treni ya chini ya ardhi na sufuria yetu imefungwa blanketi. Kufika Södermalm tukakuta kiwanda cha zamani cha sabuni. Waswidi wapatao sitini walikuwa wameketi sakafuni, wamevua viatu, kimya, kama watu wanaosubiri kuchomwa sindano. Mahali pa kuweka sufuria hapakuwapo, kwa hiyo niliipakata onyesho zima. Mapaja yangu yana alama mpaka leo, na niko tayari kuionyesha kamati.

2. Nalalamikia onyesho lenyewe. Kwanza aliingia mwanamke mmoja wa Kiswidi, mrefu, aitwaye Gunilla, ambaye Adelina anaishi naye, amevaa shela la bibi harusi, akapanda juu ya meza akalala. Kisha akaingia Adelina ndani ya suti ya marehemu baba yetu. Ndiyo, ile ya kijivu, ambayo kwa miaka sita nimekuwa nikimsingizia binamu yetu kuwa ameiiba. Akachukua pasi akaanza kumnyoosha Gunilla kuanzia vidoleni kwenda juu, mikunjo yote, bila haraka, kwa dakika arobaini. Pasi ilikuwa ya baridi, niliuliza. Muziki haukuwapo. Palikuwa na kaseti ya bomba linalovuja, tone, tone, tone, na mara mbili niliinuka nikalifunge, Winifrida akanikanyaga mguu. Gunilla naye akaamka, akamvua Adelina koti la suti, akampiga pasi yeye. Mswidi jirani yangu alininong'oneza kwamba maana yake ni kuwa hakuna mwanamke aliyezaliwa amenyooshwa. Nilimwambia sisi hilo tunalijua, ndiyo maana tunanunua pasi.

Halafu wakacheza. Hapa nilikusudia kuandika kwa ukali, Ndugu Katibu, lakini kalamu inagoma. Walicheza vizuri mno. Adelina anakanyaga chini vilevile alivyokanyaga baba, bega la kushoto limetangulia, na kwa kitambo nilimwona mzee mwenyewe pale, amerudi, anafurahi. Nililia. Niliwaambia majirani kwamba ni mvuke wa ndizi.

3. Hili ndilo kosa kubwa. Adelina alijigamba.

Wewe ni mtu wa Nyeri, nikueleze. Kwetu mwanamume huinuka harusini na fimbo mkononi, akajitaja jina na ukoo na mambo aliyoyatenda, na kila mstari watu wake humwitikia. Mwanamke hajigambi. Lakini pia mtu aliyekwisha kuanza kujigamba haachwi bila kuitikiwa. Huo ni msiba, afadhali umtupie jiwe. Na katika ukoo wetu, majigambo yakishaitikiwa na mkubwa wa ukoo yamethibitishwa, hayakatiwi rufaa.

Adelina aliokota mwavuli akasimama katikati ya kiwanda. "Mimi Adelina binti Rwegoshora, nisiyejificha!" Kisha akangoja. Waswidi kimya. Ukimya ule, Ndugu Katibu! Niliona babu zangu wote wanaaibika kwa pamoja, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe bila idhini ya kamati: "Ndiwe!" Akageuka akaniona, akaendelea: "Niliyevuka bahari na suti ya baba sandukuni!" Nikaitikia, na majirani tisa wakaitikia, pamoja na wale wa nyundo. Ndipo akasema: "Niliyempenda Gunilla, nikamshika mkono mchana kweupe barabara ya Hornsgatan!"

Hapo nilipaswa kunyamaza. Najua. Lakini mtu hawezi kuitikia mstari wa kwanza na wa pili akaususia wa tatu, ni sawa na kuwaacha abiria wa lifti kati ya ghorofa mbili. Nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko zote, nimesimama, sufuria mikononi. Winifrida akapiga vigelegele mpaka taa moja ikazimika, ingawa yeye anasema taa ile ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

4. Nalalamikia Waswidi. Walidhani sisi ni sehemu ya mchezo. Walitupigia makofi, tukainama, maana mtu akipigiwa makofi hukosa la kufanya. Jumatatu gazeti moja la asubuhi likaandika kwamba "mwanamume mwenye sufuria" alikuwa jambo lililogusa moyo kuliko yote, na kwamba sufuria iliwakilisha tumbo la uzazi la dunia. Iliwakilisha ndizi. Tulizila baada ya onyesho, sisi na Waswidi wote sitini, kwa vijiko vya plastiki. Gunilla aliomba kuongezwa mara mbili na akamwoshea Winifrida vyombo bila kuombwa, jambo ambalo ninalilalamikia kwa dhati, kwa kuwa linamfanya mtu ashindwe kumchukia.

5. Lalamiko hili nimelifuta. Lilihusu wanawake na suruali, na Winifrida amelisoma.

6. Nalalamikia athari za nyumbani. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Tangu siku ile mke wangu anajigamba. Asubuhi anasimama jikoni na mwiko: "Mimi Winifrida, niliyesafisha wodi nne peke yangu!" halafu anangoja. Usipoitikia hupati chai. Binti yetu Clementina, mwenye miaka saba, anajigamba kwa Kiswidi kwamba amefunga kamba za viatu mwenyewe, na hakubali niitikie kwa Kiswahili. Ugonjwa umeshuka mpaka chumba cha kufulia cha jengo letu, ambako Winifrida ana zamu yake Jumanne. Sasa kuna Mfini, Mturuki na mama mmoja kutoka Chile wanaojigamba mashine zikizunguka, kila mmoja kwa lugha yake, na wenzake wanamwitikia. Juma lililopita niliteremka kuchukua taulo tu. Yule Mturuki alikuwa amepanda juu ya kapu, akamaliza mstari mrefu, na wote wakanigeukia mimi. Nikaitikia. Mpaka leo sijui nimethibitisha nini.

7. Nalalamikia gharama ya muda wangu. Imenilazimu kurudi kwenye onyesho mara nne, kwa ajili ya ushahidi peke yake. Kila mara nabeba sufuria, kwa sababu watu wanaiulizia mlangoni. Safari iliyopita nilikuta wameniwekea kigoda chenye mto, na jina langu limechapishwa katika karatasi: Ladislaus, sauti. Baba wa watu, fundi mwenye cheti, leo ni sauti! Tena mara hiyo nilikosea, nikaitikia kabla ya wakati, na Adelina akanipeleka pembeni kunifanyisha mazoezi.

8. Nalalamikia, mwisho, kwamba anacheka. Tangu tukiwa wadogo Adelina alikuwa mtoto wa kuinamisha kichwa, akiingia sebuleni utafikiri anaomba msamaha kwa kuingia. Miaka mitatu aliyokaa kwangu hapa Akalla sikumsikia akicheka mara mbili. Sasa anacheka kwenye simu, anacheka kwenye ngazi, anacheka mpaka anaegemea ukuta. Nimemuuliza Winifrida kama hili ni kosa, akasema niliandike tu, kamati itajua lilipo.

Kwa sababu hizo naiomba kamati imfute Adelina katika daftari. Kama hilo ni gumu, basi apewe onyo. Kama na onyo ni gumu, arudishe suti. Kama itaonekana kwamba suti inampendeza, ambalo ni kweli, basi angalau aambiwe kifungo cha tatu kimelegea, akishone kabla hakijadondoka mbele za watu.

Naiweka kalamu chini nikiwa na imani kwamba nimekuwa mkali kama mlivyoniagiza. Nisalimie Mzee Mashauri, namwombea mgongo wake upone. Salamu kwa mama watoto, kwa vijana wa mpira wa Tensta, kwa akina mama wa kwaya ya Alby, na kwa yeyote atakayepewa kazi ya kuisoma barua hii kwa sauti.

Mwanachama wenu mtiifu,
Ladislaus Rwegoshora

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha, samahani kwa karatasi kuchanika. Adelina amenipigia sasa hivi. Amesikia habari za Jumapili. Amesema hatakuja, na nimwambie Katibu afute jina lake bila kikao, kwa kuwa hataki kaka yake asimamishwe mbele za watu na kuulizwa habari zake. Alisema kwa upole, kwa sauti yake ile ya zamani, akanishukuru kwa yote, akakata. Nimepiga mara sita, hapokei. Ndugu Wanjohi, chana barua hii, lalamiko la kwanza mpaka la mwisho. Jina lile lisiguswe na mtu. Najua nimechelewa, ila labda wewe ukipiga atapokea. Mwambie Jumapili nitakuwa nimesimama mlangoni tangu saa nane, na kwamba nimemwekea kiti cha mbele, na kingine kando yake cha shemeji yangu.