Kengele Isiyoanguka

Jumatatu, 3 Novemba 1975

Siku kubwa. Kengele ya kijiji imeanguka.

Kengele yenyewe ni kipande cha reli kilichokuwa kinaning'inia kwenye mkwaju mbele ya ofisi. Kila alfajiri Mwenyekiti Yoramu hukigonga kwa nyundo, nasi sote twaenda shamba la ujamaa. Leo waya umekatika. Reli ikamwangukia jogoo wa Mwenyekiti. Watu walimpa pole huku wakitazama pembeni.

Mimi nilifurahi kabisa. Miaka yote niliyokuwa karani wa stoo ya reli Tabora, Jumapili zangu zilikuwa za kuchomelea vyuma, kwa mapenzi tu. Nilipostaafu na kuhamia huku karibu na Usoke, nilikuja na mitungi yangu miwili ya gesi. Mke wangu Bertila anaiita wake wenza. Kazi yangu inayojulikana zaidi ni kiti cha chuma ambacho hakuna mtu aliyekikalia mara mbili.

Sasa kijiji kinatafuta fundi wa kudumu. Posho kila mwezi, na halimi. Halimi! Mgongo wangu ulizisikia habari hizi kabla ya masikio.

Jumanne, 4 Novemba

Kamati imekaa. Lugembe mhunzi aliwahi, kama kawaida yake. Akasema atafua kulabu na mnyororo, reli itaning'inia kabla ya chakula cha mchana. Kulabu. Kitu cha kutundikia nyama.

Nikasimama. Nikawaambia taifa changa halining'inii. Nikapendekeza nguzo mbili za chuma, reli katikati, imechomelewa huku na huku. Mwenyekiti, ambaye bado ana uchungu wa jogoo, akauliza kama kweli haitaanguka tena. Nikaapa.

Uamuzi: nikifaulu, mimi ndiye fundi wa kijiji. Nikishindwa, kazi ni ya Lugembe, na mimi nashika jembe. Nyumbani Bertila akaongeza sharti lake. Nikishindwa, mitungi inarudi Tabora kwa Nanji, mwenye duka la vipuri aliyeniuzia. Naipenda sana mitungi ile.

Alhamisi, 6 Novemba

Imekwisha! Maungio manne, yamenyooka kama mshono wa cherehani. Kijiji kizima kilikuja kuangalia moto. Mwenyekiti aliisukuma reli kwa bega. Haikutikisika. Wanaume wawili wakaning'inia. Haikutikisika. Lugembe akaipiga teke na sasa anachechemea.

Kuigonga hatukuigonga. Jua lilikuwa linazama, na hapa kwetu kengele ikilia saa hizo, watu hukimbia na ndoo wakidhani ni moto, au na mikuki wakidhani ni simba. Haina haja. Reli ni reli.

Ijumaa, 7 Novemba

Alfajiri Mwenyekiti kagonga. Ndu. Kama mtu anayepiga gunia la mahindi. Kagonga tena. Ndu.

Akaja kuniamsha kwa mkono. Nikamweleza kuwa chuma kilichochomelewa huhitaji siku chache kukomaa. Sina hakika kama ni kweli, lakini nilivyolisema lilikuwa na uzito. Shambani walifika watatu tu: Mwenyekiti, mkewe, na Lugembe mwenye mguu wake. Mimi sikwenda. Fundi halimi.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo nimeheshimiwa mpaka nikaona haya. Jirani yetu Paskazia kaleta kibuyu cha asali. Akanishika mikono yote miwili, akasema tangu wahamishiwe kijijini hajapata fundi wa kumshukuru namna hii. Wengine wameleta karanga, viazi, kuku mzima. Mzee mmoja alilengwalengwa na machozi.

Nikamwambia Bertila watu wa hapa wanajua kazi nzuri wakiiona. Akaniuliza kama leo nimesikia kengele. Nikasema sikuisikia, nilikuwa nimelala. Akasema basi.

Jumatatu, 10 Novemba

Mgeni kutoka wilayani kaja kukagua matuta ya tumbaku. Mwenyekiti alitaka kijiji kizima kimpokee kwa ngoma. Akagonga mpaka mpini wa nyundo ukakatika. Mgeni alipokelewa na Mwenyekiti, mimi, na mbuzi wa Lugembe.

Nikampeleka moja kwa moja kwenye kengele. Akaishika, akaitikisa, akasema ni imara sana. Maneno yake mwenyewe. Kisha akauliza wananchi wako wapi. Walikuwa majumbani, wanakoroma. Mwenyekiti alinitazama kwa muda mrefu kupita adabu.

Jumanne, 11 Novemba

Kamati tena. Yoramu kaamuru reli ikatwe, itundikwe kama zamani. Gesi yangu imekwisha, kwa hiyo wakaleta msumeno wa chuma. Meno yakaisha. Lugembe akaleta patasi, ikavunjika. Nilijaribu kuficha fahari yangu nikashindwa, jambo ambalo naona halikunisaidia.

Uamuzi: Lugembe ni fundi wa kijiji. Mimi, mpaka reli nyingine ipatikane, nitapita nyumba kwa nyumba kila alfajiri kuwaamsha watu, kisha nitalima pamoja nao. Iliniuma. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.

Mitungi imeondoka na treni ya Tabora. Bertila kaisindikiza mwenyewe mpaka stesheni, ili awe na hakika.

Ijumaa, 14 Novemba

Viganja vimetoka malengelenge. Kila mlango ninaobisha alfajiri, naitikiwa kwa matusi ya Kinyamwezi. Paskazia anataka kibuyu chake, na asali yake ndani.

Lakini mchana huu! Nilikuwa kwenye tuta, wakaja wanaume wawili wa kijiji cha ng'ambo ya njia ya treni. Wakaniita pembeni, wakanong'ona. Mwenyekiti wao anakwenda semina Tabora wiki ijayo, nao wangependa kengele yao ishughulikiwe kabla hajarudi. Wanakijiji wameshachanga. Mitungi watakwenda kuikomboa kwa Nanji, gesi juu yao, na ujira wangu uko tayari. Sharti lao moja tu: kazi iwe ile ile, nisibadilishe hata kidogo.

Kazi ya kulipwa, hatimaye. Na walichofuata ni ubora, si maneno ya Lugembe. Bertila nimemweleza akaenda kukaa nje.

Nimewaahidi iwe ile ile. Ila kati yangu na daftari hili, fundi hasimami pale alipofika jana. Maungio manne yalikuwa machache. Yao nitaweka manane.