Kifungo cha Mfagia Dohani

Idara ya Bahati na Usalama wa Majiko, ambayo mimi Heino ndiye mkuu wake, ina furaha kuwatangazia wakazi wote wa Vaskla kwamba tangu mji wetu uanze kuyalinda majiko yake kwa kifungo, hakuna nyumba hata moja iliyoungua. Zile zilizoshika moto kidogo tumezipanga chini ya kichwa kingine cha habari.

Chanzo cha mafanikio haya ni macho makali ya Mheshimiwa Meya Tarmo Pihlak. Siku moja alisimama dirishani akamwona Arvo, mfagia dohani wetu, msafishaji wa mabomba ya moshi ya majiko, akipita mjini na masizi yake. Watu wakamkimbilia kugusa kifungo cha shaba cha koti lake ili wapate bahati, kama bibi zetu walivyofanya.

"Heino, unaona?" akaniambia. "Wote wanashika kifungo. Nani kashika brashi?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Basi huduma ni kifungo. Brashi inakula bajeti yetu bure."

Arvo tukamwachisha kazi, kifungo tukabaki nacho. Tukakiweka kwenye mto wa mahameli katika ukumbi wa mji, na kanuni ikatungwa kwa waraka: mtu asiwashe jiko, wala asikaribie jiko lililowashwa, kama hajagusa kifungo siku hiyo. Kupanda paa na brashi kukapigwa marufuku, maana kunatia watu hofu. Waraka huohuo ulifuta imani za kale: kwamba kuni sharti zikauke kabla ya kuchomwa, kwamba majivu yatiwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, kwamba dohani isafishwe kabla baridi haijaanza. Tuko karne gani jamani?

Mji mzima ulitulia, isipokuwa Bi Salme Ojaste, mjane anayekaa ng'ambo ya barabara, mkabala na ukumbi. Januari aliingia ofisini kwangu akikohoa, shungi lake likinuka moshi.

"Heino mwanangu, jiko linanirudishia moshi chumbani."

"Umegusa kifungo, bibi?"

"Nimekigusa mpaka kimeng'aa."

"Kwa mkono gani?"

"Kwani moshi unajua mkono?"

Nikaandika kwamba mteja ana maswali.

"Sikiliza we mtoto," akasema, akaketi bila kukaribishwa. "Nikiwasha nakosa hewa, nikizima naganda. Binti yangu anataka kunihamishia mji mkuu, Tallinn, ghorofani, nikakae na ukuta unaotoa joto wenyewe. Sitaki! Nyumba ile kaijenga marehemu kwa mikono yake, na watoto wangu wote nimewazalia kando ya jiko lile. Mruhusu Arvo apande, basi."

"Arvo hana kifungo."

"Ana brashi!"

"Brashi siyo huduma, bibi."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nakufuta kamasi," akasema. Nikamshauri akaguse tena, safari hii kwa moyo mkunjufu.

Na tazameni! Haikupita wiki, moshi wa Bi Salme ukawa unapanda wima, mweupe na mwembamba, na kikohozi kikamwachia. Kweli, majirani walinong'ona kwamba Arvo ameonekana juu ya paa lake na brashi. Lakini kwa kuwa kupanda paa ni marufuku, Idara ilihitimisha kwamba hakuonekana. Bi Salme tukamweka ukurasa wa mbele wa taarifa yetu. Wizara ikavutiwa mno, ikasema itamtuma Katibu na nishani, kisha mradi uenezwe nchi nzima. Meya akaanza mazoezi ya kuinamisha shingo.

Siku ya sherehe tuliwasha jiko kubwa la vigae la ukumbini, lililokuwa limelala tangu mwaka juzi. Kuni zilikuwa mbichi, zinatoa maji kama zinalia. Kuhusu kunguru walioonekana wakibeba vijiti kuingiza dohanini kipindi chote hicho, Idara haikuwa na taarifa rasmi.

"Mheshimiwa Katibu," Meya akaanza, "hapa Vaskla moshi unajua njia yake..."

Moshi ukaja. Katibu alipotea kuanzia kichwani, ikabaki nishani tu inaonekana. Nilitangaza kwamba hali ni ya kawaida. Katibu akatoka nje kwa kupitia dirisha, nasi tukamfuata kwa kufuata itifaki.

Tukajikuta kwenye theluji tukiwa na mashati tu, makoti yetu yakiwa ndani. Baridi ilikuwa ile ya kugandisha ndevu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na dohani moja inayopumua vizuri, na harufu ya kahawa. Tukabisha hodi.

Bi Salme akafungua mlango nusu. "Katibu apite, yeye mgeni. Nyie wengine, mmegusa kifungo leo?"

Sisi ndio tuliokiweka. Kukigusa hatukuwahi kufikiria.

"Mama, tunaganda," Meya akasema, meno yakigongana.

"Nawaonea huruma, wanangu. Lakini jiko langu limewashwa, na waraka wenu huu hapa mlangoni, mmeubandika kwa gundi yenu wenyewe. Sheria ni msumeno, Tarmo, hukata mbele na nyuma." Akafunga mlango.

Meya akanitazama. Nikamkumbusha kwamba Idara hutoa ushauri tu. Akajifunga skafu puani, akarudi ndani. Tulisikia kikohozi, kiti kikianguka, na maneno ambayo hayamo kwenye hotuba yake. Alipotoka alikuwa mweusi kuanzia kipara hadi viatu, kifungo kiko juu mkononi.

Watu walikuwa wameshajaa barabarani. Mama mmoja akapiga kelele, "Mfagia dohani!" Wakamvamia.

"Mimi ni Meya!"

"Ndiyo, ndiyo, baba, shusha mkono tuguse!"

Bi Salme akatoka tena. Nyuma yake alikuwa Arvo, anatafuna mkate, brashi begani.

"Masizi anayo, kifungo anacho," Bi Salme akasema. "Kimepungua nini?"

Arvo akamkabidhi Meya brashi, akaegemeza ngazi kwenye ukuta wa ukumbi. Meya akageukia dirisha la Bi Salme, ambako Katibu alikuwa amekaa na kikombe cha kahawa. Katibu akampungia mkono aendelee; ndiyo kwanza mradi unamvutia.

Meya akapanda, kifungo amekibana kwa meno, Arvo akimwelekeza kutoka chini pa kuweka mguu. Kiota cha kunguru kikaporomoka, moshi ukapata njia. Wenzangu wakawa wanapanda ngazi mmoja mmoja kugusa kifungo mdomoni mwa Meya, kisha wanakwenda kwa Bi Salme kuota moto. Mimi niligusa wa mwisho, nikashuka mbio, nikabisha hodi.

"Umegusa?" Bi Salme akauliza kutoka ndani.

"Nimegusa, bibi!"

"Kwa mkono gani?"

Idara bado inatafakari jibu, ikiwa imesimama nje.